Vidole Vitano, Kila Kimoja na Kazi Yake

Mpini wa kamera ya tumbo, ukiutazama ukiwa umetundikwa kabatini, haupendezi. Ni kitu cheusi cha plastiki ngumu chenye magurudumu mawili ubavuni, vitufe viwili mbele na vingine vidogo juu. Mirija miwili inatoka humo: mmoja mnene unaokwenda kwenye mashine, mwingine mwembamba, wenye urefu wa mita moja na kidogo, unaoingia kinywani mwa mgonjwa. Hauna upande unaoonekana kuwa wa mbele. Asiyewahi kuushika huugeuza mara mbili tatu asijue kiganja kikae wapi. Lakini mpe daktari wa endoskopi aushike, kwa mkono wa kushoto, na papo hapo umbo lote linaeleweka. Kila pembe iliyoonekana kuwa ya ovyo kumbe iliwekewa kidole chake.

Nataka kuusifu mpini huo kidole kwa kidole, maana ni miongoni mwa kazi bora za usanifu wa vifaa vya tiba, na nje ya chumba cha kipimo ni wachache waliowahi kuutazama. Mgonjwa hauoni, amelala ubavu wa kushoto, mara nyingi amefumba macho. Wanafunzi wanatazama skrini. Daktari mwenyewe hauangalii, na hapo ndipo ulipo ubora wake: ulitengenezwa utumike bila kutazamwa.

Waliousanifu walikabiliwa na kazi nyingi za kufanyika kwa wakati mmoja. Ncha ya mrija lazima ipinde juu na chini, kushoto na kulia. Hewa iingizwe ili kuta za tumbo zitengane. Maji yarushwe kusafisha lenzi. Mate, uchafu na damu vinyonywe. Picha ipigwe. Mrija usukumwe, uvutwe, uzungushwe. Tena kifaa kingine, koleo la kuchukua kinyama au sindano, kipitishwe ndani yake. Mikono ni miwili tu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini hapa mkono mmoja umebebeshwa karibu yote hayo, ili wa pili ubaki huru kwa kazi moja isiyo na kitufe: kuhisi.

Tuanze na vidole vinavyobeba. Mrija mnene wa kwenda kwenye mashine hupita katika uwazi ulio kati ya kidole gumba na cha shahada, ukalala nyuma ya mkono, na hivyo sehemu ya uzito wake inabebwa na mkono wenyewe badala ya vidole. Kidole cha pete na cha mwisho hukumbatia upande wa chini wa mpini na kuukandamiza kwenye kiganja. Havina kitufe, havina sifa, lakini vikilegea kazi yote inayumba. Kidole cha kati ni msaidizi. Wengine hukitumia kwenye kitufe cha chini; wengine hukitumia kulishikilia gurudumu lisirudi wakati kidole gumba kinajipanga upya kwa mzunguko mwingine. Hivyo vinabaki viwili tu vya kutoa amri, cha shahada na gumba.

Kidole cha shahada kina vitufe viwili. Cha juu, ambacho kwa kawaida kina alama nyekundu, ni cha kunyonya. Ukikibonyeza, njia ya kunyonya inafunguka. Ukikiachia, springi inakirudisha na njia inajifunga. Cha chini, chenye alama ya buluu, ndicho kinachostahili kutazamwa kwa utulivu. Juu yake pana tundu dogo. Pampu iliyo kwenye mashine husukuma hewa bila kukatika wakati wote wa kipimo, na hewa hiyo hufika kwenye kitufe, ikatokea tunduni na kupotelea chumbani. Daktari akitaka hewa iende tumboni habonyezi chochote. Anaziba tundu kwa ncha ya kidole, basi. Hewa ikikosa pa kutokea hushika njia ya pili na kushuka mrijani hadi kwenye ncha. Akikandamiza sasa mpaka mwisho, vali inahama, na msukumo uleule wa hewa unayapandisha maji kutoka kwenye chupa yake na kuyapeleka yakaoshe lenzi. Kugusa ni hewa, kubonyeza ni maji.

Ndani ya tundu hilo mna uamuzi wa busara. Hewa nyingi utumboni inauma, na ikizidi inaweza kudhuru. Msanifu mwingine angeweka swichi ya kuwasha na kuzima, na siku moja daktari aliyekodolea skrini macho angesahau kuizima. Kwa tundu, kusahau kwa namna hiyo hakuwezekani: kidole kikichoka, kikiteleza au kikiitwa kwenye kazi nyingine, hewa inatoka nje yenyewe. Kitufe cha kunyonya nacho ni hivyohivyo, kikiachwa kinaacha. Mkono uliolegea hauamrishi kitu. Kosa linalobaki ni dogo na linajulikana: mwanafunzi huegesha kidole juu ya tundu bila kujua, na tumbo la mgonjwa likajaa. Ndiyo maana katika ufundi huu mtu hufundishwa mahali pa kupumzishia kidole kabla ya kufundishwa mengi ya kukifanyisha kazi.

Kidole gumba kina mzigo mkubwa zaidi. Gurudumu kubwa, lililo karibu na mwili wa mpini, hupinda ncha juu na chini. Dogo, lililo nje yake kwenye mhimili uleule, huipinda kushoto na kulia. Hayakuachwa kuwa duara laini. Yamechongwa vijino vipana vilivyoviringwa, ili glavu iliyolowa mate na jeli isiteleze. Kwa kuwa yametofautiana ukubwa na yamekaa kwa ngazi, kidole kinajua kiko kwenye lipi bila kuuliza macho. Kila moja lina breki yake ya kuishikilia ncha pale ilipopindwa, na breki hizo nazo zimepewa maumbo mbalimbali, moja kijiti, nyingine kifundo cha kuzungusha, kwa sababu ileile.

Ndani ya mpini kila gurudumu linavuta nyaya mbili, upande huu na upande ule. Nyaya zote nne zinapita ndani ya mrija, kila mmoja katika ala yake, kwa namna ileile waya wa breki ya baiskeli unavyopita ndani ya kava lake, mpaka kwenye ncha, ambako pete ndogo za chuma zimeungwa kwa bawaba mfululizo. Ukivutwa waya wa juu, pete zinakunjamana kuelekea juu. Kwenye kamera ya tumbo ya kawaida ncha hupanda hadi nyuzi 210, hushuka 90, na huenda 100 kila upande.

Namba hizo si za bahati. Kwa nini kupanda kuzidi kushuka zaidi ya mara mbili? Nyuzi 210 maana yake ni kwamba ncha inageuka nyuma kabisa na kuutazama mrija wake yenyewe. Daktari anahitaji hivyo ili aone paa la mfuko wa chakula, pale umio unapoingilia, mahali ambapo kamera inayotazama mbele hupapita bila kupaona. Sasa angalia upande wa mkono: kidole gumba kikikandamiza gurudumu kubwa kwenda chini, ncha inapanda. Wanafunzi hulalamika kwamba mambo yako kinyumenyume, lakini kidole gumba kina nguvu kikikandamiza, na ni dhaifu kikiinua. Mwendo mrefu umepewa upande wenye nguvu.

Lakini kwa mikono mingi kidole gumba hakilifikii vizuri gurudumu dogo, na hapa ufundi wa mtumiaji unakutana na ufundi wa msanifu. Ncha ikiwa imepindwa juu, kisha mrija ukazungushwa kuelekea kulia, kilichokuwa juu kinakuwa kulia. Kwa hiyo gurudumu moja, pamoja na mzunguko wa mrija, vinatosha kwenda popote. La pili linabaki kwa zile kazi za milimita, mathalani kukielekeza kisu kidogo cha umeme kwenye shina la uvimbe. Kamera ya mapafu, ambayo daktari Mjapani Shigeto Ikeda aliiwezesha kunyumbulika mwaka 1966, ilitulia kwenye mpango huo moja kwa moja. Ni nyembamba mno kubeba nyaya nne, kwa hiyo ina kijiti kimoja cha kidole gumba na kitufe kimoja cha kunyonya. Kushoto na kulia ni kazi ya kifundo cha mkono na bega. Wembamba wa njia ya hewa ulilazimisha usahili, na usahili huo ukageuka kuwa fadhila.

Njia ya kufika kwenye mkono mmoja ilikuwa ndefu, na mtu anaweza kuihesabu kwa mikono iliyohitajika. Mwaka 1868 mjini Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul alipitisha bomba lililonyooka hadi tumboni mwa mtu aliyekuwa akijipatia riziki kwa kumeza panga. Mgonjwa wa kawaida asingeliweza. Mwaka 1932 Rudolf Schindler, kwa kushirikiana na fundi Georg Wolf, alitoa kifaa kilichonyumbulika kwa sehemu tu, na mkewe Gabriele akawa mshikaji wa kichwa cha mgonjwa, maana shingo ikikaa vibaya chuma kingeweza kutoboa umio. Hiyo ilikuwa mikono minne, na miwili kati yake haikugusa kifaa kabisa.

Kisha zikaja nyuzi za kioo. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi Larry Curtiss alifaulu mwezi Desemba 1956 kuvuta uzi wa kioo uliovikwa kioo cha aina nyingine, ili mwanga usivuje njiani. Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliumeza mwenyewe mrija wa kwanza uliotengenezwa kwa nyuzi hizo mwezi Februari 1957, kabla ya kumpitishia mgonjwa. Tangu hapo kichwa hakikuhitaji tena mshikaji wa namna ile. Lakini chombo kinachonyumbulika kina dai jipya: kinataka kuongozwa. Bomba la chuma lilikwenda lilikoelekezwa. Mrija laini unakwenda unakopenda. Ndipo katika miaka ya 1960 nyaya, magurudumu na vitufe vikaanza kukusanyika juu ya mpini.

Kipimo cha utumbo mpana ndicho kilichoutia mpini huo majaribuni. Utumbo mpana una urefu wa karibu mita moja na nusu na kona zisizo na huruma. Mwanzoni ilikuwa kawaida kazi hii ifanywe na watu wawili: daktari alizungusha magurudumu kwa mikono yote miwili, na msaidizi akausukuma mrija alivyoagizwa. Ni mpango wenye mantiki, magurudumu mawili, mikono miwili. Kasoro yake haionekani mpaka mrija ugome. Daktari anaona ukuta wa utumbo lakini hahisi kitu. Msaidizi anahisi ukinzani lakini haoni kitu. Habari mbili zinazohitajiana ziko katika miili miwili, na baina yao pana maneno tu: sukuma, ngoja, rudisha kidogo.

Hiromi Shinya, daktari wa upasuaji aliyetoka Japani na kufanya kazi katika hospitali ya Beth Israel jijini New York, ni miongoni mwa walioivunja desturi hiyo. Anakumbukwa zaidi kwa kazi yake na William Wolff mwaka 1969, ya kukata vivimbe vya utumbo kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya mrija, bila kupasua tumbo. Kwangu, sehemu nyingine ya urithi wake ni kubwa vilevile: alifanya na kufundisha kipimo cha mtu mmoja, mkono wa kushoto kwenye mpini na wa kulia kwenye mrija. Alichokifanya ni kurudisha jicho na hisia katika mwili mmoja. Mkono wa kulia ukiambiwa na utumbo kwamba mrija unajikunja kitanzi, wa kushoto unajua hapohapo, hauhitaji kuelezwa. Badala ya kusukuma zaidi, daktari anavuta nyuma kidogo huku akizungusha, na kitanzi kinajinyoosha. Ndiyo sababu fundi mzuri akifika mwisho wa utumbo mpana huwa ameingiza sentimita 70 au 80 tu za mrija. Utumbo umekunjamana juu ya mrija ulionyooka, na mgonjwa amenusurika na maumivu.

Mwaka 1983 mabadiliko mengine yalikuja, nayo yalionyesha jinsi umbo la mpini lilivyokomaa. Hadi wakati huo daktari alichungulia kwa jicho moja kwenye lenzi iliyokuwa kichwani mwa mpini, kwa hiyo aliuinua mpini hadi usoni na kuinamisha shingo. Kampuni ya Welch Allyn ya Marekani ilipotoa mrija wenye kamera ndogo ya kielektroniki kwenye ncha, picha ilihamia kwenye skrini. Lenzi ya kuchungulia ikaondoka. Mpini ukashuka kutoka usoni hadi usawa wa kifua, shingo ikanyooka, na wauguzi na wanafunzi wakaona alichokiona daktari. Lakini magurudumu na vitufe vilibaki palepale. Jicho lilipohama, vidole havikuona sababu ya kuhama.

Ili kuona mpini huu ukifanya kazi yake yote kwa pamoja, mfano mzuri uko kwetu, kando ya Ziwa Victoria. Kichocho cha tumbo huharibu mishipa ya ini kwa miaka mingi. Damu ikikosa njia hutafuta nyingine, na mishipa ya sehemu ya chini ya umio huvimba mpaka inapasuka. Mgonjwa anatapika damu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, inawajua wagonjwa hao. Tiba mojawapo ni kuifunga mishipa hiyo kwa pete za mpira, mbinu iliyoanzishwa na Greg Stiegmann huko Denver, Marekani, katika miaka ya 1980. Kikombe kidogo kinachoonyesha ndani kinavishwa kwenye ncha ya mrija, pete zikiwa zimenyooshwa juu yake, na uzi unapita ndani ya mrija hadi kwenye kigurudumu kilichofungwa chini kidogo ya mpini.

Sasa tazama mikono. Kidole gumba cha kushoto kinaielekeza ncha mpaka kikombe kiguse mshipa. Kidole cha shahada kinabonyeza kunyonya, na mshipa unaingia kikombeni taratibu mpaka skrini yote inageuka nyekundu. Kidole kinabaki hapohapo kimebonyeza. Mkono wa kulia unakizungusha kigurudumu cha uzi, unausikia uzi ukikaza, kisha ukilegea ghafla: pete imeshuka, mshipa umefungwa shingoni. Ndipo kidole cha shahada kinaachia. Kama kunyonya na kufyatua vingewekwa kwenye mkono mmoja, au kama kunyonya kungehitaji kushikiliwa na muuguzi wa upande wa pili wa kitanda, sekunde zile zingekuwa za hatari. Hapa ni vidole viwili vya kushoto na mkono mmoja wa kulia, na macho hayajatoka kwenye skrini.

Muuguzi naye ana mpini wake wa mkono mmoja, na haufai kusahauliwa. Koleo la kuchukua kinyama lina pete ya kidole gumba na kigurudumu chembamba kinachokaliwa na vidole viwili. Kigurudumu kikivutwa kuelekea gumba, meno yanafunga, kikisukumwa mbele, yanafunguka. "Sista, fungua." "Imefunguka, daktari." "Funga taratibu." Mkono wake wa pili unashikilia sehemu ya koleo iliyobaki nje isiguse sakafu. Huko Bomet, magharibi mwa Kenya, saratani ya umio ni nyingi, na Hospitali ya Tenwek imejijengea jina kwa kuweka mirija ya wavu wa chuma ili wagonjwa waweze kumeza tena. Nako mafanikio hutegemea vidole vya watu wawili wanaofunga na kufungua kwa mkono mmoja mmoja, kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi bila kumtazama.

Kusifu kwa haki kunataka pia kutaja palipopungua. Glavu za upasuaji hutolewa kwa namba, kuanzia 5.5 hadi 9, kwa sababu kila mtu anakubali kwamba mikono haifanani. Mpini wa endoskopi, kwa sehemu kubwa, una ukubwa mmoja. Daktari mwenye mkono mdogo, na wanawake wengi wako kundi hilo, hunyoosha kidole gumba mpaka mwisho ili kulifikia gurudumu kubwa, na dogo hulifikia kwa kuupindisha mkono. Fanya hivyo mara nyingi kila siku, kwa miaka, na kano za kidole gumba zinavimba pale kwenye kifundo. Ugonjwa huo una jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeueleza mwaka 1895, zamani kabla ya mtu yeyote kushika gurudumu la aina hii. Wanaofanya vipimo vya utumbo mpana wanaufahamu kwa uchungu wao wenyewe. Mrija uliotumika sana huongeza taabu, kwa kuwa nyaya zimelegea, na kidole kinazungusha kwa muda kabla ncha haijatikisika.

Aliyezaliwa anatumia mkono wa kushoto naye hujifunza kama wengine wote, maana mpini wa mkono wa kulia si kitu cha kukikuta dukani. Ajabu ni kwamba kwa mpini huu yeye huenda akawa na nafuu kidogo: kazi ya ustadi wa vidole ipo kwenye mkono wake mwepesi. Kwa wengine wengi, mkono uliozoea kusaidia tu maishani ndio uliopewa amri zote, na mkono hodari umewekwa kwenye kuhisi. Inaonekana kinyume mpaka ukumbuke kwamba kusukuma chombo ndani ya mwili wa mtu ndiko kunakohitaji mkono unaouamini zaidi.

Watumiaji wamejitafutia majibu. Wapo wanaobandika kiungio kwenye gurudumu ili lifikike kwa karibu. Wapo wanaoushika mrija kwa kidole cha pete na cha mwisho cha mkono wa kushoto, vile vidole viwili visivyo na kitufe, ili mkono wa kulia upate sekunde chache za kuja kuzungusha gurudumu dogo. Napenda hasa mbinu hiyo ya pili, kwa sababu haikuandikwa kwenye mpango wa msanifu. Vidole vilivyoachwa vibebe tu vimepandishwa cheo na wenyewe wanaovimiliki. Watengenezaji nao wamepunguza uzito wa mpini, na baadhi ya kamera za mapafu za kutumika mara moja, ambazo kampuni ya Ambu ya Denmark ilianza kuuza mwaka 2009, ni nyepesi kiasi cha kushikika kwa mkono wowote. Hayo yote ni mazuri, lakini hayajalijibu swali la namba za glavu.

Mpini huu una ndugu, na ukiwaweka pamoja unaona ukoo. Kifaa cha kuinulia ulimi wakati wa kuweka mrija wa kupumua, chenye ulimi uliopinda ambao Robert Macintosh wa Oxford aliutoa mwaka 1943, hushikwa kwa mkono wa kushoto, nao hufanya jambo moja, kuinua, ili wa kulia upitishe mrija. Mfuko wa Ambu wa kupumulishia, uliomo katika vyumba vya kujifungulia, hujijaza wenyewe ukiachiwa, ili mkunga aliye peke yake usiku aweze kuuminya kwa mkono mmoja huku mwingine ukibana barakoa na kuinua taya la mtoto. Mfuko unaojijaza hausaidii mkono unaominya tu. Unausaidia pia ule mwingine, uliokwisha kushika uso wa mgonjwa na usioweza kuondoka hapo.

Hilo ndilo fundisho ninalolipata katika ufundi huu. Mashine ya kutumika kwa mkono mmoja haitengenezwi kwa kuuonea huruma mkono huo na kuupunguzia vitufe. Mkono wa kushoto wa daktari wa endoskopi umepewa kazi kuliko kiungo chochote chumbani, na huchukua miezi mingi kuzoea. Kilichorahisishwa ni kazi nzima, kwa kuukomboa mkono wa pili. Kwa hiyo mhandisi kijana, awe wa Dar es Salaam au wa Nairobi, akiniletea mfano wa kifaa kipya cha tiba na kunionyesha jinsi kinavyokaa vizuri kiganjani, nitamsikiliza, kisha nitamuuliza maswali mawili. Mkono wa pili utakuwa unafanya nini wakati huo? Na mkono wa nani ulioupima, namba 6 au namba 8? Akiwa na majibu ya yote mawili, ameshaanza kuwa fundi.